Joe Davis: bingwa aliyestaafu ubingwa bila kuiacha meza

Ukiingia baa yenye meza ya pool, iwe Temeke au Kisauni, utakuta sheria ambayo hakuna aliyeiandika ukutani: mshindi habanduki mezani mpaka apigwe. Anayetaka kucheza anaweka hela yake, anasubiri zamu, kisha anamkabili aliyepo. Heshima yote ya meza inatokana na jambo hilo moja. Ukimpiga jamaa aliyeishikilia meza tangu saa kumi jioni, kila aliyekuwepo anajua umempiga nani, na anayekuja baada yako anajua anamfuata nani.

Kisa hiki ni cha mtu aliyeondoka mezani bila kupigwa, akavuta kiti, akakaa palepale pembeni na fimbo yake mkononi. Aliitwa Joe Davis, Mwingereza, mchezaji wa kulipwa wa biliadi na snuka. Alitwaa ubingwa wa dunia wa snuka mara 15: kila mwaka kuanzia 1927 hadi 1940, kisha 1946 baada ya vita. Oktoba 1946, akiwa na miaka 45, alitangaza kwamba hatashiriki tena mashindano ya ubingwa. Kucheza hakuacha. Nimekuwa nikiutafakari uamuzi huo kwa muda mrefu, kwa sababu miaka 11 baadaye mashindano aliyoyaasisi yalikuwa yamezimika, naye bado alikuwa hai, bado maarufu, na bado hodari kuliko karibu wote.

Ili kuupima uamuzi ule inabidi turudi nyuma kidogo, kwenye mchezo uliomlea.

Davis alizaliwa Aprili 1901 katika kijiji cha Whitwell, Derbyshire, nchi ya migodi ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimbaji kabla ya kuhamia kwenye biashara ya baa karibu na Chesterfield, na moja ya baa zake ilikuwa na meza kamili ya biliadi. Mtoto akakulia juu ya meza hiyo. Alipata mwalimu pale mjini, Ernest Rudge, akatwaa ubingwa wa Chesterfield na wilaya yake akiwa na miaka 13, na mwaka 1919, akiwa na miaka 18, akaanza kucheza kwa malipo. Jicho lake la kulia lilikuwa dhaifu, hivyo fimbo aliipitisha chini ya jicho la kushoto. Wengi waliojifunza baadaye kwa kumtazama walidhani huo ni ufundi wa makusudi.

Siku hizo mchezo mkubwa ulikuwa biliadi ya Kiingereza. Mezani kuna mipira mitatu tu: miwili ya kuchezea, kila mchezaji na wake, na mmoja mwekundu. Ukiufanya mpira wako uguse mingine yote miwili, pointi 2. Ukiutumbukiza mwekundu shimoni, 3. Hata mpira wako wenyewe ukiingia shimoni baada ya kugusa mwingine ni pointi, si kosa kama kwenye pool. Na mradi unapata pointi kila unapopiga, unaendelea peke yako. Pointi hizo mfululizo nitaziita mkupuo. Hapo ndipo penye sumu ya mchezo. Anayejua sana anaweza kuikusanya mipira mitatu karibu na ukingo wa meza na kuigusanisha taratibu, mbili, mbili, mbili, ikisogea sentimita chache kila mara. Mwaka 1907 Tom Reece aliibana mipira kwenye mdomo wa shimo na kufanya mkupuo wa pointi 499,135 uliochukua wiki kadhaa. Sheria ikabadilishwa, wachezaji wakatafuta njia nyingine, sheria ikabadilishwa tena.

Davis alifika kileleni mwa mchezo huo. Alishindwa fainali za dunia na Tom Newman mwaka 1926 na 1927, kisha akamshinda Newman huyohuyo mara tatu mfululizo, 1928 hadi 1930. Fainali ya 1930 iliisha kwa 20,918 dhidi ya 20,117. Watazamaji walikaa siku nenda siku rudi kwa tofauti ya pointi 801.

Halafu akaja Walter Lindrum kutoka Australia. Januari 1932, katika ukumbi wa Thurston's, Leicester Square, London, Lindrum alifanya mkupuo wa pointi 4,137 kwa muda wa saa mbili na dakika 55. Aliyekuwa ameketi akimsubiri amalize ni Joe Davis. Hebu fikiria: wewe ni miongoni mwa wachezaji bora wawili au watatu duniani, umevaa suti yako, chaki mfukoni, na kwa karibu saa tatu huruhusiwi kugusa chochote. Watazamaji walistaajabu, lakini mshangao una mwisho. Ukishaona mipira ikigusana mara mia tatu, ya mia nne inaleta usingizi. Lindrum alimshinda Davis kwenye ubingwa wa 1933 kwa 21,815 dhidi ya 21,121, na tena 1934 huko Melbourne kwa 23,553 dhidi ya 22,678. Kisha akabaki Australia na taji lake. Ubingwa wa dunia wa biliadi haukugombaniwa tena hadi alipoliachia mwaka 1950.

Naomba msomaji aushike mfano huo. Davis aliona kwa macho yake, tena yeye akiwa ndiye mpinzani aliyefungiwa nje, nini hutokea pale taji linapokaa na mtu asiyelipeleka mezani.

Tofauti ni kwamba yeye alikuwa tayari na pa kwenda. Snuka ilizaliwa mwaka 1875 miongoni mwa maofisa wa jeshi la Uingereza huko Jabalpur, India, na kwa miaka mingi wachezaji wa kulipwa waliichukulia kama kionjo cha kumalizia jioni baada ya biliadi yenyewe. Mwaka 1924 Tom Dennis aliwaandikia wasimamizi wa mchezo akiomba waandae mashindano ya snuka ya wachezaji wa kulipwa. Alijibiwa kwa adabu kwamba haielekei mchezo huo unavutia watazamaji kiasi cha kustahili. Davis hakukubaliana nao. Akishirikiana na Bill Camkin, mwenye kumbi za biliadi Birmingham, aliandaa masharti ya mashindano na kuyapeleka kwa wasimamizi haohao, na safari hii wakaridhia.

Walijitokeza wachezaji kumi. Mechi ya kwanza ilianza Novemba 1926, na fainali ikachezwa Mei 1927 katika ukumbi wa Camkin, Birmingham. Davis alimshinda Dennis fremu (yaani michezo midogo inayounda mechi) 20 kwa 11. Kitita cha bingwa kilikuwa pauni 6 na shilingi 10, kwa sababu nusu ya ada za washiriki ilitumika kununua kombe. Fedha ile haikuwa kitu, hata kwa thamani ya wakati ule. Kombe lenyewe ndilo linaloinuliwa hadi leo na bingwa wa dunia kule Sheffield.

Wanaomsifia Davis kwa mataji 15 mara nyingi wanasahau udogo wa uwanja aliokuwa akitawala. Mwaka 1931 washiriki walikuwa wawili tu, yeye na Dennis, na ubingwa wa dunia ulichezwa katika chumba cha nyuma cha baa ya Dennis mwenyewe mjini Nottingham. Davis alishinda 25 kwa 21. Silitaji hili kumpunguzia hadhi. Kwangu mimi linamwongezea, maana mtu mwingine angeona aibu na kuacha. Yeye aliendelea kuitunza ile mbegu mwaka baada ya mwaka, akiitangaza kila mji aliopita kucheza maonyesho.

Na kazi yake kubwa haikuwa kutangaza tu. Davis ndiye aliyefundisha dunia namna snuka inavyochezwa. Kabla yake wachezaji walitumbukiza mpira uliojileta, kisha wakauficha mpira mweupe ili mpinzani asipate pa kupiga. Yeye alichukua akili ya biliadi, ile ya kupanga mahali mpira wako utakaposimama baada ya kupiga, akaihamishia kwenye meza yenye mipira 22. Mwekundu mmoja, kisha mweusi, na mpira mweupe umeshasimama pale unapotakiwa kwa mwekundu unaofuata. Mwaka 1935 alifanya mkupuo wa 110, wa kwanza kuvuka mia katika historia ya ubingwa. Leo kijana yeyote anafanya hivyo mazoezini. Wakati huo ilikuwa kama kuonyeshwa mlango kwenye ukuta uliodhaniwa hauna mlango.

Wapinzani nao wakaongezeka ubora. Horace Lindrum, mpwa wa yule Walter, alikuwa mbele 27 kwa 24 katika fainali ya 1936. Davis akachukua fremu kumi za mwisho zote na kumaliza 34 kwa 27. Mdogo wake Joe, Fred Davis, aliyezaliwa miaka 12 baada yake, aliingia akiwa na macho mabovu na bila miwani. Mwaka 1937 Fred alitolewa na Bill Withers kutoka Wales, 17 kwa 14. Kaka mtu alipokutana na Withers huyo raundi iliyofuata alimfunga fremu 30 kwa 1. Hasira za ukoo, nadhani, maana kwa kawaida Davis hakuwa mtu wa kumdhalilisha mpinzani. Fred akatengenezewa miwani maalumu ya kuchezea, na miaka mitatu baadaye ndugu hao wakakutana fainali. Joe alishinda 37 kwa 36.

Wakati wa vita ubingwa ulisimama. Ukumbi wa Thurston's ulibomolewa na bomu la Wajerumani Oktoba 1940. Davis akazunguka kwenye kumbi za maonyesho, akipiga mipira ya ufundi mbele ya kioo kikubwa kilichoinamishwa ili watu waione meza, na kukusanya fedha za misaada ya vita.

Tunafika 1946, mwaka wa kisa chenyewe. Fainali dhidi ya Horace Lindrum ilichezwa katika Royal Horticultural Hall, London, kwa muda wa wiki mbili. Kutoka chumba cha nyuma cha baa hadi ukumbi mkubwa unaojaa kila siku: miaka 15 tu. Davis alishinda 78 kwa 67 na kuvuka mia mara sita. Snuka ilikuwa haijawahi kuwa na umati kama ule. Ilikuwa na bingwa ambaye kila Mwingereza alimjua kwa jina, na nyuma yake Fred, Walter Donaldson na John Pulman wakiwa tayari kupanda. Miezi michache baadaye, bingwa akajiondoa.

Sababu zake zinaeleweka. Alikuwa ameshinda kila ubingwa wa snuka aliougombania, na jina lisilo na doa lilimwingizia fedha kwenye maonyesho. Hajawahi kufungwa: maneno hayo mawili kwenye bango yalikuwa na thamani kuliko kombe lolote. Kupoteza mara moja tu kungeyafuta. Mtu aliyetoka kwenye familia ya mgodini, aliyeanza kwa pauni 6 na shilingi 10, ana haki ya kulinda mtaji wake, na simlaumu kwa kuutaka.

Ninachokilaumu ni yale yaliyofuata. Sisi tuna neno kung'atuka, ambalo Mwalimu Nyerere alilipa uzito wake, na maana yake ni kukiacha kiti kweli ili mwingine akikalie. Davis hakung'atuka. Alibaki mwenyekiti wa chama cha wachezaji wa kulipwa. Alikuwa miongoni mwa waliokodi ukumbi uliojengwa upya pale Thurston's ilipokuwa, uliofunguliwa mwaka 1947 kwa jina la Leicester Square Hall na kuwa nyumba kuu ya mchezo. Na aliendelea kushindana, ila siyo kwenye ubingwa. Alicheza kwenye mashindano ambayo mchezaji dhaifu hupewa pointi za kuanzia ili mechi ilingane, kama yale ya gazeti la News of the World. Mtoa pointi alikuwa Joe.

Jiweke kwenye nafasi ya mtazamaji wa mwaka 1950. Bingwa wa dunia ni Walter Donaldson, Mskoti aliyejichimbia mazoezini mpaka akawa mchezaji mgumu kupita wote, akatwaa taji 1947 na 1950. Au ni Fred, aliyelichukua 1948, 1949 na 1951. Unalipa kiingilio, unaingia, na unamkuta bingwa wa dunia anaongezewa pointi na mtu asiye bingwa. Utalichukuliaje taji lake? Fred alimshinda kaka yake mara nne katika mechi zisizo na pointi za kuongezewa, na ndiye pekee aliyewahi kufanya hivyo. Lakini mara zote nne zilikuwa baada ya 1946, nje ya ubingwa. Hazikuhamisha kitu. Kama moja tu kati ya hizo ingechezwa fainali, mbele ya kombe, Fred angekuwa mtu aliyempindua Joe Davis, na historia ya snuka ya miaka ya 1950 ingekuwa tofauti kabisa. Badala yake akabaki kuitwa mdogo wake Joe.

Kuna mambo mengine yaliyouvuruga mchezo, na si haki kumtwika Davis yote. Mwaka 1952 wachezaji na wasimamizi waligombana juu ya fedha na mamlaka. Wachezaji wakaanzisha mashindano yao wenyewe, na kwenye yale rasmi wakabaki wawili tu, Horace Lindrum na Clark McConachy wa New Zealand. Lindrum akashinda 94 kwa 49 na jina lake likaingia kitabuni bila ya wenzake kulikubali. Fred akachukua mashindano ya upande wa pili kila mwaka hadi 1956, fainali nyingi zikiwa yeye na Donaldson, mpaka watu wakachoka kuona sura zilezile. Leicester Square Hall ikafungwa 1955. Televisheni ikawaweka watu nyumbani.

Ila hata kwenye mambo hayo mkono wa Davis unaonekana. Chama alichokiongoza hakikufungua milango kwa vijana: baada ya Rex Williams kuingia 1951, karibu hakuna mchezaji mpya wa kulipwa aliyejitokeza Uingereza hadi John Spencer na wenzake mwaka 1967. Miaka 16. Mchezo usio na sura mpya, na ambao mwenye sura kubwa kuliko zote hagombei taji, unabaki na nini cha kuuza?

Na hoja ya umri, kwamba alijiondoa kabla mwili haujamwangusha, inaanguka yenyewe tukitazama tarehe 22 Januari 1955. Siku hiyo, katika ukumbi uleule wa Leicester Square, Davis alitumbukiza kila mpira mezani kwa mpangilio wa thamani kubwa kabisa: pointi 147, kiwango cha juu kinachowezekana bila kosa la mpinzani, na cha kwanza kutambuliwa rasmi. Alikuwa na miaka 53. Mpinzani wake alikuwa Willie Smith, rika la biliadi, mwenye miaka zaidi ya 60. Wasimamizi walikataa kuitambua 147 hiyo kwa zaidi ya miaka miwili, kwa sababu wachezaji wa kulipwa walitumia kanuni moja tofauti na zao, wakaikubali 1957. Naipenda siku ile na inaniumiza vilevile. Tendo kubwa kuliko yote aliyoyafanya mezani lilitokea kwenye mechi isiyogombania chochote.

Mwaka 1957 mashindano ya wachezaji yalihamia kisiwa cha Jersey yakiwa na washiriki wanne. Hata Fred hakwenda. Pulman alimshinda Jackie Rea, kisha kimya. Hakukuwa na ubingwa wa dunia wa snuka kwa takriban miaka saba. Mwaka 1959 Davis alijaribu kuuamsha mchezo kwa kuongeza mipira miwili, wa rangi ya chungwa wenye pointi 8 na wa zambarau wenye pointi 10. Haikuchukua muda ikasahaulika. Nadhani alikuwa akitibu sehemu isiyouma. Mipira 22 ilikuwa inatosha. Kilichokosekana ni mechi yenye kitu cha kupoteza.

Aliyeuvunja ukimya ni Rex Williams, aliyezipatanisha pande mbili. Aprili 1964 Pulman alimshinda Fred Davis 19 kwa 16 na taji likawa la changamoto: mwenye nalo anaitwa, anakuja, anapigana. Mwaka 1969 mashindano ya mtoano yalirudi na Spencer akashinda mara yake ya kwanza kushiriki. Joe alikuwa ameacha kucheza hadharani mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya kupewa nishani ya OBE, na mikupuo yake ya kuvuka mia ilihesabiwa kuwa 687.

Fred aliendelea. Alipigwa na Pulman, akarudi. Alipigwa na vijana wa umri wa wanawe, akarudi. Mwaka 1978, akiwa na miaka 64, alifika nusu fainali ya ubingwa wa dunia katika ukumbi wa Crucible, Sheffield, dhidi ya Perrie Mans wa Afrika Kusini. Joe alikuwa kwenye viti, ana miaka 77, akimtazama mdogo wake akipambania lile kombe la 1927. Alizidiwa akiwa anatazama, ikabidi arudishwe London na kufanyiwa upasuaji wa saa nyingi. Alifariki tarehe 10 Julai mwaka huohuo. Mechi iliisha 18 kwa 16. Fred alishindwa, na mwaka uliofuata alikuwa Sheffield tena.